Hukumu Mbili: Mother India Mbele ya Waamuzi wa Hollywood na Watazamaji wa Pwani

Usiku wa tarehe 26 Machi 1958, katika jumba la Pantages mjini Los Angeles, picha tano za senema zilikuwa zikingoja hukumu. Zote zilitoka nje ya Marekani, na zote zilikuwa katika lugha isiyokuwa Kiingereza: moja ya Italia, moja ya Ufaransa, moja ya Ujerumani ya Magharibi, moja ya Norwei, na ya tano ya Bara Hindi. Hiyo ya Bara Hindi ilikuwa Mother India, iliyotengenezwa na Mehboob Khan na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 25 Oktoba 1957. Tuzo ilikwenda kwa picha ya Italia, Le notti di Cabiria, ya Federico Fellini. Mother India ilirudi mikono mitupu.

Picha hiyo hiyo, hata hivyo, ilisimama pia mbele ya baraza jingine, ambalo halikuwa na mwenyekiti wala karatasi za kura. Baraza hilo ni la watu walionunua tikiti zao na kuketi gizani: Bombay, Kano, Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Hukumu yao haikutangazwa usiku mmoja. Ilitolewa kidogo kidogo, kwa kurudi ukumbini mara ya pili na ya tatu, kwa mazungumzo ya barazani, kwa nyimbo zilizobebwa mpaka majumbani, na kwa kumbukumbu iliyodumu hata baada ya majumba yenyewe kufungwa.

Makala haya yanakusudia kuziweka hukumu hizo mbili pamoja. Haja si kuamua ni ipi iliyokuwa ya haki, bali ni kuuliza kila moja ilitegemea ushahidi wa namna gani. Swali hili lina uzito kwa wataalamu wa Kiswahili kwa sababu moja. Historia ya uhakiki katika lugha hii aghalabu imeandikwa kana kwamba uhakiki huanza pale kalamu inaposhikwa. Ikiwa watazamaji wa pwani walikuwa na njia yao ya kupima picha, yenye istilahi zake na hoja zake, basi sehemu kubwa ya uhakiki wa Kiswahili wa karne ya 20 ilisemwa kwa mdomo, na wanaoikumbuka wanapungua kila mwaka.

WAAMUZI NA KURA ZAO

Akademi ya Sanaa na Sayansi za Senema ya Marekani iliundwa mwaka 1927 na watu 36 wa kazi hiyo, na ikatoa tuzo zake za kwanza tarehe 16 Mei 1929 katika hoteli ya Roosevelt, Hollywood. Tangu mwanzo ilikuwa ni jumuiya ya mafundi wakipimana wenyewe kwa wenyewe, mfano wa mafundi wa majahazi wanaokutana kuamua ni jahazi gani limeundwa vizuri kuliko yote. Abiria hakuulizwa. Mtazamaji aliyelipa fedha yake hakuwa na kura, na hana mpaka leo.

Picha za kigeni zilichelewa kupewa nafasi. Kuanzia picha za mwaka 1947 baadhi yao zilipewa heshima maalumu bila ya mashindano. Ni kwa picha za mwaka 1956 tu ndipo shindano rasmi lilipoanzishwa, kila nchi ikiruhusiwa kupeleka picha moja. Kwa hiyo Mother India, iliyokuwa picha ya kwanza kupelekwa na Bara Hindi, iliingia katika mwaka wa pili tu wa shindano lenyewe.

Imeandikwa mara nyingi kwamba picha hiyo ilikosa tuzo kwa kura moja. Akademi haina desturi ya kutangaza hesabu za kura zake, kwa hiyo habari hiyo yafaa iwekwe katika fungu la masimulizi, wala si la ushahidi. Lakini masimulizi nayo humfaa mwanahistoria. Yaonyesha jinsi wapenzi wa picha walivyoichukua hukumu ya Hollywood: hawakuipuuza, wala hawakuikubali. Waliipunguza mpaka ikawa ni kura moja tu, yaani makosa ya mtu mmoja.

Katika Bara Hindi kwenyewe desturi ilikuwa nyingine. Jarida la Filmfare lilipotoa tuzo zake kwa mara ya kwanza, tarehe 21 Machi 1954 katika jumba la Metro mjini Bombay, washindi walikuwa wamechaguliwa kwa kura za wasomaji, ambao idadi yao ilizidi 20,000. Tuzo zilikuwa tano tu. Picha bora ikawa Do Bigha Zamin ya Bimal Roy, hadithi ya mkulima anayehamia Calcutta kuvuta riksho ili alipe deni lisimpokonye shamba lake. Miaka michache baadaye kura za wasomaji zilichanganywa na maoni ya kamati ya waamuzi. Ndipo katika mwaka 1958 Mother India ikapata tuzo ya picha bora, Mehboob Khan ya muongozaji bora, na Nargis ya mchezaji bora wa kike. Mwaka huo huo Nargis alipewa tuzo ya mchezaji bora wa kike katika tamasha la Karlovy Vary, Chekoslovakia.

Yaonekana basi kwamba pale mtazamaji alipokuwa na sauti picha ilishinda, na pale mafundi wa nchi nyingine walipopiga kura peke yao ilishindwa. Jambo hili lisichukuliwe kuwa ni kanuni. Waamuzi wa Karlovy Vary hawakuwa watazamaji wa kawaida, nao walimtunza Nargis. Lakini latosha kuonyesha kwamba tuzo si kitu kimoja. Kila tuzo ni jibu la swali, na swali hutegemea ni nani aliyeulizwa.

PICHA YENYEWE

Mehboob Khan aliisimulia hadithi hii mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1940, katika picha iliyoitwa Aurat, maana yake mwanamke. Aliporudia alitumia rangi, muziki wa Naushad, na jina ambalo lilikuwa ni jawabu: mwaka 1927 mwandishi wa Kimarekani, Katherine Mayo, alikuwa ametoa kitabu chenye jina hilo hilo, cha kuwashutumu Wahindi na desturi zao. Mehboob Khan alilichukua jina lililokuwa tusi akalifanya sifa.

Radha aolewa kijijini. Mama mkwe wake amekopa rupia 500 kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji, ili arusi iwe ya heshima. Hati ya deni imeandikwa, lakini wakopaji hawajui kusoma. Shauri lipelekwapo kwa wazee, maandishi yashinda maneno, na familia yaamriwa kutoa robo tatu ya mavuno yake kuwa riba. Mumewe Radha apondwa mikono na jiwe kubwa alipokuwa akifungua ardhi mpya, na kwa aibu ya kuwa mzigo aondoka usiku asirudi tena. Mafuriko yaja. Watoto wafa njaa. Sukhilala ataka kumlisha Radha kwa bei ya heshima yake, naye akataa.

Wana wawili wabaki. Ramu ni mtiifu, na Birju amejaa hasira tangu utotoni, hasa kwa ajili ya bangili za mamake zilizochukuliwa na mkopeshaji. Mwishowe Birju awa haramia, amuua Sukhilala, azichoma hati za madeni, na kumteka binti wa Sukhilala siku ya arusi yake. Radha, aliyeapa kulinda heshima ya wanawake wa kijiji, ainua bunduki na kumpiga mwanawe mwenyewe, kisha ampokea mikononi mwake anapokufa.

Ni jambo la kuangaliwa kwamba picha iliyoishinda Mother India nayo ilihusu mwanamke aliyeteseka. Cabiria, aliyechezwa na Giulietta Masina, ni mwanamke anayejiuza katika mitaa ya Roma. Huibiwa na kudanganywa na kila mwanamume anayemwamini, na mwishoni atembea barabarani kati ya vijana wanaopiga muziki, machozi yakiwa usoni, akitabasamu. Kwa hiyo waamuzi wa Hollywood hawakukataa hadithi ya machozi. Walichagua kati ya aina mbili za machozi. Mateso ya Cabiria ni yake peke yake, na ushindi wake ni kubaki mtu ndani ya nafsi yake. Mateso ya Radha ni mali ya kijiji kizima. Kila afanyalo latazamwa, lahesabiwa na kuhukumiwa na jirani, na ushindi wake ni kubaki mtu mbele ya watu. Mtazamaji aliyelelewa katika mji ambamo aibu ya mmoja ni aibu ya ukoo hakuhitaji kufundishwa tofauti hiyo.

BARAZA LA UKUMBINI

Senema ilikuwa imekwisha kuota mizizi katika pwani kabla ya picha hii kufika. Mjini Unguja jumba la Royal, lililojengwa kwa ramani ya J. H. Sinclair, lilifunguliwa mwaka 1921. Baadaye likaitwa Majestic, likaungua mwaka 1954, na jengo jipya likafunguliwa mwaka uliofuata. Majumba ya Empire na Sultana yalikuwa na wateja wao. Dar es Salaam ilikuwa na Empire yake, na Avalon, na Odeon. Wenye majumba hayo aghalabu walikuwa watu wa jamii ya Kihindi, lakini walioyajaza walikuwa wenyeji wa kila kabila na kila kazi: wachukuzi, makarani, wavuvi, mama wa nyumbani, na watoto waliobana senti zao kwa juma zima. Wanawake waliokuwa wakikaa ndani walitengewa maonyesho yao, na picha za Kihindi ndizo walizozipenda zaidi.

Aliyewahi kuona picha mpya alirudi nyumbani na wajibu. Ilimpasa aihadithie: nani alimpenda nani, nani alimsaliti nani, wimbo gani uliimbwa wapi. Kuhadithia picha ikawa ni kazi yenye mabingwa wake. Aliyesimulia vizuri aliwafanya wenzake waende kesho yake. Aliyeinyamazia picha aliiua. Tikiti za picha iliyosifiwa zilipata walanguzi mlangoni, na ulanguzi huo nao ni kipimo, kwa kuwa hakuna anayelangua tikiti ya picha isiyotakiwa.

Mtaalamu wa historia Laura Fair, aliyezungumza na watu wengi wa Tanzania juu ya senema ya zamani, ameonyesha jinsi Awara ya Raj Kapoor ilivyowateka watu wa Unguja katikati ya miaka ya 1950, na jinsi walivyoitumia kujadiliana juu ya mapenzi, ndoa na mamlaka ya wazazi. Awara nayo ilikuwa imepita mbele ya waamuzi wa ng'ambo: ilishindania tuzo kuu ya Cannes mwaka 1953, nayo tuzo ikaenda kwa picha ya Kifaransa ya Henri-Georges Clouzot juu ya madereva wanaosafirisha baruti. Watu wa Unguja hawakuwa na haja na habari hiyo. Walipoiona Awara walikuwa na swali lao, nalo ni kama mtu huzaliwa mwizi au hufanywa mwizi. Kwa hiyo Mother India ilipofika, ilikuta watazamaji waliokwisha kuzoea kuichukua picha kama shauri la kuamuliwa.

LUGHA YA HUKUMU

Huenda mtu akauliza: Je, walielewaje? Picha hizo hazikuwa na tafsiri ya Kiswahili, na wengi wa watazamaji hawakujua Kihindi. Jibu la kwanza ni kwamba nyuso, nyimbo na matendo yalisema mengi. Jibu la pili lawahusu zaidi wataalamu wa lugha. Mazungumzo ya picha za Bombay za miaka ile yalijaa maneno ya Kiurdu yenye asili ya Kiarabu na Kiajemi, na mengi ya maneno hayo yalikuwa na ndugu zao katika Kiswahili. Mtazamaji wa pwani alisikia dunia, haki, hesabu, kitabu, wakati, dhuluma, safari na rangi, kila moja likiwa limebadilika kidogo tu matamshi yake. Alisikia pesa, neno lililotoka huko huko Bara Hindi. Bangili za Radha zilikuwa na jina ambalo Kiswahili kilikwisha kulipokea zamani kutoka Bara Hindi pamoja na pambo lenyewe. Na rupia 500 za mama mkwe hazikuhitaji mkalimani, maana rupia ilikuwa ndiyo fedha ya Unguja mpaka mwaka 1936.

Maneno hayo machache hayakutosha kuifahamu kila sentensi, lakini ni ya maana kwa kuwa ni maneno ya mizani. Aliyesikia haki, hesabu na dhuluma katika kikao cha wazee wa kijiji alijua mara moja kwamba lililo mbele yake ni shauri la deni, na kwamba mwenye hati anamshinda mwenye kweli.

Watazamaji walijiundia pia istilahi zao. Neno senema lilitumika kwa jumba na kwa sanaa, lakini kitu chenyewe kiliitwa picha. Mhusika mkuu akaitwa steringi, au stelingi, neno lililochukuliwa kutoka lile la Kiingereza linalotangulizwa mbele ya majina ya wachezaji wakuu katika matangazo. Ni mfano mzuri wa ukopaji: kitenzi cha matangazo kikageuzwa nomino, nomino ikapewa sifa, na sifa zikawa kanuni. Steringi hupigwa lakini hushinda. Steringi hafi. Dhidi yake husimama adui. Kanuni hizi si utani mtupu. Ni nadharia fupi ya utungo, nayo humwezesha msemaji kusema picha fulani imekosea wapi.

Ni katika Mother India ndipo nadharia hiyo ilipotiwa katika jaribio gumu. Birju ana sura zote za steringi: ni shujaa, ana dai la haki, anaimba, anampinga adui. Naye anakufa. Anayemuua si adui, ni mama. Ama basi kanuni imevunjwa, ama steringi hakuwa yeye tangu mwanzo, bali ni mwanamke mkongwe mwenye jembe. Kwa istilahi iliyozoea kumwita mwanamume kwa jina hilo, hilo lilikuwa ni jambo zito kukubali. Picha haikuwaburudisha watazamaji tu, iliwalazimisha kuipima upya lugha waliyoipimia.

SHAURI LA MAMA NA MWANA

Kiini cha picha ni swali moja: Je, Radha alifanya haki? Kiswahili kilikuwa na hoja za pande zote mbili kabla ya Mehboob Khan kushika kamera. Aliyetaka kumtetea Radha aliweza kusema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Ikiwa mama atamwachia mwanawe avunje heshima ya binti wa watu, kesho hakuna mama atakayelala kwa amani. Aliyetaka kumlaumu aliweza kujibu kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na kama mzazi huyo ndiye aliyepiga risasi, uchungu umekwenda wapi? Juu ya Birju pia hoja zilikuwa tayari. Dawa ya deni ni kulipa, asema mmoja. Lakini deni la uongo halina malipo, asema wa pili, na dawa ya moto ni moto.

Methali hizi hazikuwa mapambo ya mazungumzo. Zilikuwa ndizo vifungu vya sheria vya baraza la ukumbini. Mtazamaji hakuuliza kama picha imepigwa vizuri, ingawa kazi ya Faredoon Irani, mpiga picha wa Mehboob Khan, iliweza kushindana na yoyote ya wakati ule. Aliuliza kama mwisho wa hadithi umestahili mwanzo wake, na kama machozi aliyoyatoa yamelipwa.

Suala la deni lilikuwa na mwangwi wake katika visiwa. Wenye mashamba ya karafuu wengi wa Unguja na Pemba walikuwa wamebanwa na madeni kwa wafanyabiashara wa Kihindi, hata serikali ya kikoloni ikatunga sheria za ardhi mwaka 1934, na mwaka 1937 wafanyabiashara hao wakasusia biashara ya karafuu kwa kupinga sheria mpya za biashara hiyo. Kwa hiyo ingedhaniwa kwamba hadithi ya mkopeshaji wa Kihindi ingechochea chuki tu. Lakini Mother India ilionyesha jambo ambalo rejista za madeni hazikuonyesha. Mdai ni Mhindi, na mdaiwa pia ni Mhindi. Mwenye njaa ni Mhindi, mwenye jembe ni Mhindi, na mama anayetafuta mizizi matopeni awalishe wanawe ni Mhindi. Kwa mtu aliyemjua Mhindi nyuma ya meza ya duka tu, hilo lilikuwa ni fundisho. Lilihamisha dhuluma kutoka katika kabila na kuiweka katika hati isiyosomeka na mtu asiyejua kusoma.

Hapa pana tofauti ya mwisho kati ya mabaraza mawili. Imesimuliwa kwamba baadhi ya waamuzi wa Hollywood hawakufahamu kwa nini Radha aliikataa nusura ya Sukhilala hali watoto wake wanakufa. Iwe kweli isiwe kweli, masimulizi hayo yamelenga mahali penyewe. Kwa asiyejua thamani ya heshima katika kijiji kile, kukataa kwa Radha ni ukaidi. Kwa anayeijua, ni nguzo inayoibeba picha yote, maana mwanamke aliyekataa kuiuza heshima yake kwa chakula ndiye atakayekataa baadaye kuiuza heshima ya binti wa adui kwa uhai wa mwanawe. Tukio la kwanza lisipofahamika, la mwisho huonekana ukatili.

UZITO WA KILA HUKUMU

Pana pingamizi ambalo halifai kurukwa. Watazamaji wa pwani walizipenda pia picha nyingi ambazo hakuna anayezikumbuka leo, na kupendwa si sawa na ubora. Hilo ni kweli. Lakini tuzo nazo zimetolewa kwa picha nyingi ambazo hakuna anayezikumbuka. Hukumu ya usiku mmoja, iwe ya waamuzi au ya ukumbi uliojaa, yaweza kukosea. Ushahidi wenye nguvu ni wa kurudia. Mother India ilirudishwa ukumbini mwaka baada ya mwaka, na waliokuwa watoto walipoiona mara ya kwanza waliwapeleka watoto wao. Mtaalamu Brian Larkin ameeleza jinsi hali hiyo hiyo ilivyokuwa Kano, kaskazini ya Nigeria, ambako Wahausa wasiojua Kihindi waliendelea kujaza kumbi kuitazama picha hii miongo mingi baada ya kutengenezwa kwake. Miji hiyo miwili, Kano na Unguja, haikushauriana, lakini ilifikia uamuzi mmoja.

Athari nyingine imo katika muziki. Nyimbo za picha za Kihindi ziliingia katika taarabu ya pwani, hasa ya Mombasa, ambako Juma Bhalo alipata sifa kwa kutia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya Kihindi. Anayechukua sauti ya wimbo na kuupa maneno mapya katika bahari za ushairi wake ametoa hukumu iliyo kubwa kuliko makofi: amesema kwamba kitu hiki chafaa kukaa nyumbani.

Haifai basi kusema kwamba Hollywood ilikosea na Unguja ikapata, au kinyume chake. Le notti di Cabiria ni kazi kubwa, na waliyoichagua hawana la kuomba radhi. Tofauti iliyo na madhara ni nyingine. Hukumu ya waamuzi iliandikwa usiku ule ule, na yeyote aweza kuisoma. Hukumu ya ukumbini haikuandikwa. Majumba mengi ya pwani yamefungwa au yamegeuzwa kazi, na wale walioamua shauri la Radha na Birju katika mabaraza ya Mji Mkongwe sasa ni wazee sana, au wametangulia. Kila mmoja wao aondokapo, ukurasa wa uhakiki wa Kiswahili hufungwa kabla ya kusomwa.

Tangu mwaka 1998 Zanzibar imekuwa na tamasha lake la kimataifa la filamu, lenye waamuzi wake na tuzo zake. Na tarehe 4 Machi 2018, miaka 60 baada ya usiku ule wa Pantages, miongoni mwa picha fupi zilizoshindania tuzo ya Akademi ilikuwamo Watu Wote, iliyotengenezwa na wanafunzi wa Ujerumani juu ya abiria Waislamu waliowakinga wenzao Wakristo basi lao liliposhambuliwa huko Mandera, Kenya, mwaka 2015. Mazungumzo yake ni ya Kiswahili na Kisomali. Nayo haikushinda.

Safari hii watazamaji wa Afrika Mashariki waliifahamu picha iliyoshindania tuzo kwa lugha yao wenyewe, bila ya kubahatisha maana kwa ndugu wa maneno. Waliyoyasema juu yake yalisemwa majumbani na mitaani, kama yalivyosemwa ya Radha. Kazi ya kuyaandika ni ya wale ambao lugha hii ndiyo taaluma yao, na kwa Mother India muda uliobaki wa kuifanya ni mfupi.